Maswali ya Wasomaji: Mvua Hukushinda Unaposhuka, Si Unapopanda

Barua nyingi zilizofika mezani kwangu mwezi huu kuhusu baiskeli za mashindano hazikuuliza bei ya magurudumu wala idadi ya gia, bali ziliuliza juu ya mvua, baridi na radi. Nimechagua nne. Ninazijibu kama mwendeshaji wa ridhaa aliyeshiriki mashindano ya barabarani kwa miaka kumi na minne, akashinda machache sana na kulowa katika mengi.

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni kijana wa miaka 22, ninaishi Uyole, Mbeya, na mazoezi yangu ninayafanya katika barabara ya kwenda Tukuyu. Kupanda hadi Isyonje si tabu kwangu hata mvua ikinyesha, na mara nyingi ninawaacha wenzangu. Lakini nikishavuka kilele na kuanza kushuka, vidole vinakufa ganzi, breki hazishiki kama nilivyozoea, na wale niliowaacha wananipita mmoja baada ya mwingine. Wenzangu wanasema ni woga. Je, ni woga kweli, au kuna jambo ninalolikosea? – *Msomaji, Uyole*

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Si woga, na hata kama umo kidogo, huo ni woga wenye akili. Unachokieleza ni hesabu ya joto. Katika nguvu zote ambazo mwili wako unazichoma unapopanda, ni kama robo tu inayofika kwenye pedali. Sehemu iliyobaki yote hugeuka kuwa joto, na ndiyo maana unaweza kupanda Isyonje umelowa chepechepe bila kuhisi baridi. Ukifika juu, mambo mawili hubadilika kwa wakati mmoja: miguu inaacha kufanya kazi, kwa hiyo joto halizalishwi tena, na mwendo unapanda kutoka kilomita 12 kwa saa hadi 50 au 60, kwa hiyo upepo unapiga nguo zilizolowa. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Mwili unapoona hivyo huita damu irudi kifuani na tumboni kulinda moyo na maini, na wa kwanza kunyimwa ni vidole, yaani vilevile vinavyotakiwa kushika breki.

Mimi nilifundishwa somo hilo katika barabara yako hiyohiyo. Lilikuwa shindano la ridhaa la kutoka Uyole hadi Tukuyu, mwezi wa Machi, na watu wanne tulikuwa tumejitenga na kundi tangu chini ya mlima. Manyunyu yaliyotusindikiza tukipanda yalikuwa mazuri hata, kwa kuwa yalitupoza. Tulipofika juu, pale ambapo magunia ya viazi yaliyoshonwa kwa lumbesa husimama kando ya lami kama abiria wanaosubiri basi, ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nilimpoteza mtu aliyekuwa hatua ishirini mbele yangu, na mvua yenyewe ikaanza. Nilikuwa na koti jepesi katika mfuko wa mgongoni. Sikulivaa, kwa sababu nilihesabu kwamba nikitumia sekunde ishirini kulivaa wale watatu wataniacha.

Baada ya kilomita sita hivi niliikaribia kona ya kushoto, nikataka kuvuta breki, na nikagundua kwamba sijui kama vidole vyangu vinavuta au havivuti. Ilinibidi niviangalie kwa macho. Vilikuwa vimekunjwa juu ya vishikio, vyeupe kwenye maungio, kama vya mtu mwingine. Nilisimama kwa kuvuta kwa viganja vizima huku baiskeli ikiingia majanini. Mama mmoja aliyekuwa akiuza viazi alinivuta chini ya turubai lake. Nilishindwa kufungua kishikizo cha kofia ngumu chini ya kidevu, akanifungulia yeye kama anavyofunguliwa mtoto wa chekechea, kisha akanipa chai ya maziwa katika kikombe cha bati, ambayo nusu yake niliimwaga kwa kutetemeka. Katika karatasi ya matokeo niliandikwa kwamba sikumaliza. Wale watatu walikuwa wamevaa makoti yao kabla ya kilele, nami niliwaona wakiyavaa.

Waliotuzidi sana kwa uwezo nao wamepatwa na jambo hilo. Tarehe 5 Juni 1988, katika Giro d'Italia, mashindano makubwa ya kuzunguka Italia, waendeshaji walivuka mlima wa Gavia, unaozidi mita 2,600, theluji ikianguka, kisha wakatakiwa kushuka kilomita 25 hivi hadi mji wa Bormio. Mholanzi Johan van der Velde alikuwa wa kwanza kileleni, akiwa amevaa jezi ya mikono mifupi. Mteremko ulimshinda. Alilazimika kusimama ili apate joto, na alipofika mwisho alikuwa zaidi ya dakika 40 nyuma ya mshindi wa siku hiyo, Mholanzi mwenzake Erik Breukink. Mmarekani Andy Hampsten, ambaye viongozi wa timu yake walikuwa wameingia madukani asubuhi ile kuwanunulia wachezaji wao nguo za baridi na kuwaandalia chai ya moto njiani, alifika wa pili, akavaa jezi ya waridi ya anayeongoza, na akawa Mmarekani wa kwanza kushinda mashindano hayo. Wanaokuita mwoga wasimulie habari za van der Velde, aliyewatangulia wote kufika juu.

Kwa hiyo koti livae kabla ya kilele, katika mita mia tano za mwisho wa mpando, wakati bado una joto. Koti halitengenezi joto, hulitunza lile linalolikuta. Chini yake, kifuani, ingiza gazeti. Waendeshaji wa Ulaya wa zamani walipokezwa magazeti na watazamaji vileleni wakayatia chini ya jezi, na mbinu hiyo haijapitwa na wakati, kwani karatasi huzuia upepo na hugharimu kidogo. Zamani tulivaa pia mifuko ya rambo juu ya soksi, ndani ya viatu, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019 na sisi tukabaki na miguu ya baridi. Kwa mikono nimepata jawabu bora: glavu nyembamba za kawaida, na juu yake glavu za mpira za kuoshea vyombo. Rangi yake ya njano itawachekesha wenzako hadi kileleni. Wakianza kushuka watanyamaza.

Kula pia kabla ya kilele, si baada yake, kwa sababu mwili wenye njaa hauna cha kuchoma na mikono iliyoganda haiwezi kumenya ndizi. Nimewahi kuona mtu mzima akiuma kashata pamoja na karatasi yake. Na wakati wa kushuka usiiache miguu itulie kabisa. Zungusha pedali polepole hata kama hazisukumi kitu, damu iendelee kutembea. Ukianza kutetemeka, baiskeli nayo huanza kuyumba, na wengi hudhani gurudumu limelegea. Bana bomba la juu la fremu kwa magoti yote mawili, na utaona inatulia.

Sasa breki. Kama zako ni za kubana rimu, elewa kwamba mizunguko ya mwanzo ya gurudumu lililolowa haipunguzi mwendo, hufuta maji tu. Asiyejua huvuta, haoni kitu, huvuta kwa nguvu zaidi, na maji yanapokwisha breki hushika ghafla, gurudumu likafunga na mtu akaenda chini. Zigusie breki mapema, mbali kabla ya kona, kwa wepesi wa kufuta. Kisha punguza mwendo wakati baiskeli bado imesimama wima. Ukishaanza kulala na kona, ziachie. Breki za diski hushika mapema zaidi kwenye maji, lakini zisikupe kiburi, kwa maana mpira unaogusa lami ni uleule.

Kuhusu matairi, usihangaike kutafuta yenye michoro mingi. Tairi jembamba la baiskeli huyakata maji na kuifikia lami yenyewe, wala halielei juu ya maji kama la gari. La maana ni kupunguza upepo kidogo: mimi nina kilo 68, na katika matairi ya milimita 25 hushusha kutoka paundi 95 hadi 80 siku ya mvua. Jihadhari zaidi katika dakika za mwanzo za mvua baada ya siku kadhaa za jua, wakati vumbi na mafuta yaliyomwagwa na malori yanapochanganyika na maji. Mvua ikishapiga saa nzima lami huwa imeoshwa. Mistari iliyopakwa rangi, vyuma vya maungio ya madaraja na matope yanayoletwa barabarani na pikipiki zinazotoka mashambani, vyote vivuke ukiwa wima. Na katika barabara yako, ambayo malori ya mpakani Kasumulu hayaikosi usiku na mchana, taa nyekundu ya nyuma iwashwe hata saa sita mchana, kwa sababu dereva aliye ndani ya ukungu hawezi kumkwepa asiyemwona.

SWALI: Habari za kazi, baba. Binti yangu ana miaka 16 na amejiunga na vijana wanaofanya mazoezi ya baiskeli hapa Njombe. Mvua ikinyesha hawarudi nyumbani, wanaendelea. Bibi yake anasema atapata nimonia na kwamba michezo hiyo si ya mtoto wa kike. Nimzuie? – *Mama, Njombe*

JIBU: Shikamoo mama. La kwanza ni jepesi: mafua huletwa na virusi, na nimonia huletwa na vijidudu, wala mvua yenyewe haina kati ya hivyo. La pili bibi amelikosea, nami ninamwomba radhi kwa kusema hivyo. Lakini ninaposema mvua haina virusi sisemi kwamba haina hatari, maana hatari yake ni ile ya kupoteza joto, na Njombe ya mwezi wa Juni au Julai si mahali pa kuidharau.

Mwulize mwalimu wao mambo mawili. Je, njia yao inarudi nyumbani kwa kupanda au kwa kushuka? Siku ya mvua ni afadhali waanze kwa mteremko wakiwa wakavu na wamalize kwa mlima wakiwa na joto, na mimi huchagua kilima kifupi kilicho karibu na nyumbani nikakipanda mara nane, badala ya kwenda kilomita 40 mbali na nguo kavu. Na je, wanasimama wakiona mwenzao ana dalili? Kutetemeka ni kawaida. Ulimi ukianza kuwa mzito, mtu akijikwaa katika maneno mepesi, akishindwa kufunga zipu, mazoezi yamekwisha. Na akiacha kutetemeka ilhali bado ana baridi na anaonekana kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali bila kuchelewa. Avuliwe nguo zilizolowa, afunikwe mablanketi, na kama anaweza kumeza vizuri apewe kinywaji cha moto chenye sukari. Asisuguliwe mikono na miguu, na asipewe pombe hata kama wazee wataiita dawa, kwa kuwa pombe huirudisha damu kwenye ngozi na kulimwaga joto lililobaki.

Siku za kawaida, mama, taulo na sweta kavu viwe tayari mlangoni, aanze kubadili nguo kabla ya kuiosha baiskeli. Vijana wote hufanya kinyume. Na akiwa na homa, asiende.

SWALI: Ndugu mwandishi, katika shindano moja huku Kanda ya Ziwa radi zilianza kupiga tukiwa kilomita 30 kutoka mwisho. Mimi na mwenzangu tulishuka tukaingia katika darasa la shule iliyokuwa kando ya barabara. Wengine waliendelea, na baadaye waandaaji walitucheka hadharani. Nani alikuwa sahihi? – *Msomaji, Bukoba*

JIBU: Ninyi wawili. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na mwendeshaji katika barabara ya wazi huwa ndiye kitu kirefu kuliko vyote vilivyo karibu naye. Ile imani kwamba matairi ya mpira humkinga mtu haina msingi: umeme uliovuka kilomita kadhaa za hewa hauzuiwi na sentimita mbili za mpira. Darasa ni zuri, gari lenye paa la chuma ni zuri, mwembe si mzuri hata kidogo. Ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi ngurumo ifike, ugawe kwa tatu, upate umbali kwa kilomita. Lakini ukiisikia tu ngurumo, tayari uko karibu kiasi cha kutosha kuondoka barabarani. Usirudi kabla ya kupita dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Wanaocheka huwa wana picha ya mashujaa kichwani, nami siwezi kuwalaumu kabisa, kwa sababu mchezo huu umekua kwa simulizi hizo. Mfaransa Bernard Hinault alishinda Liège–Bastogne–Liège, shindano la siku moja la Ubelgiji, mwaka 1980 katika theluji, zaidi ya dakika tisa mbele ya wa pili; walioanza walikuwa 174, waliomaliza 21. Ninamheshimu. Lakini vidole vyake viwili havikupona sawasawa tangu siku hiyo, na yeye alikuwa akilipwa kwa kazi ile, ilhali wewe na mimi Jumatatu tunatakiwa kazini tukiwa na vidole kumi.

Hata mabingwa wa leo hawaachiwi hivyo. Mwaka 2013 shindano la Milan–San Remo huko Italia lilisimamishwa katikati kwa sababu ya theluji, waendeshaji wakapandishwa mabasi, wakavushwa mlima wa Turchino, kisha wakaanza tena upande wa pili, na Mjerumani Gerald Ciolek akashinda. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, UCI, tangu mwaka 2016 lina utaratibu maalumu wa hali mbaya ya hewa, unaotaja mambo kama theluji barabarani, upepo mkali, joto au baridi kupita kiasi na ukungu, na unaowaruhusu waandaaji kusogeza muda wa kuanza, kubadili njia, kusimamisha ushindani kwa kipande fulani cha barabara, au kufuta kabisa. Kama mashindano ya kulipwa yana karatasi hiyo, ya ridhaa hayana kisingizio. Kabla ya kulipa kiingilio mara nyingine, waulizeni waandaaji ni nani hasa mwenye mamlaka ya kusimamisha, na akiamua atawafikishiaje habari mlio barabarani. Wakikosa jibu, mtajua mapema kwamba uamuzi ni wenu.

SWALI: Baiskeli yangu hupiga kelele ya kukwaruza kila nikiitumia kwenye mvua, na cheni hupata kutu usiku mmoja tu. Fundi wangu huongeza oili kila siku lakini haisaidii. – *Msomaji, Iringa*

JIBU: Fundi wako ana nia njema, ila anaongeza oili juu ya mchanga, na huo mchanganyiko husaga cheni kama jiwe la kunolea kisu. Kwanza mwagia baiskeli maji safi kwa ndoo, bila mashine ya kuoshea magari, kwa sababu mgandamizo ule huingiza maji ndani ya bearingi. Futa cheni kwa kitambaa kikavu, ukizungusha pedali kinyumenyume, hadi kitambaa kiache kutoka cheusi. Iache ikauke. Ndipo utie tone moja la oili kwenye kila kiungo, usubiri dakika kumi, na ufute tena ile ya nje yote. Oili inayofanya kazi ni ile usiyoiona.

Kelele ya kukwaruza inatoka kwenye raba za breki. Zifungue uzitazame kwenye mwanga: utakuta punje za mchanga na vipande vidogo vya alumini vinavyong'aa, ambavyo ni rimu yako yenyewe inayoliwa. Vichokoe kwa ncha ya sindano, kisha usugue uso wa raba kwa msasa mwembamba. Kagua na matairi, kwa kuwa maji hulainisha njia ya miiba na vigae vya chupa, na ndiyo maana pancha huwa nyingi siku za mvua. Kigae kilichojificha leo kitatoboa keshokutwa kwenye jua.

Mwisho, chomoa nguzo ya siti, baada ya kuweka alama ya utepe mahali inapoishia, na uigeuze baiskeli juu chini. Wengi hawajui kwamba maji yanayorushwa na gurudumu la nyuma huingia pale na kushuka hadi kwenye bearingi za pedali. Nilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza, wiki mbili baada ya lile shindano la Tukuyu, ilitoka karibu robo kikombe ya maji yenye rangi ya chai.